"Leteni laki sita mchukue kaiti yenu"

Shikamoo Mama,

Nakuandikia nikiwa Bwejuu, Unguja, kwa wakwe zangu. Kwetu ni Morogoro, nimeolewa huku, na makazi yetu ni Dar es Salaam. Julai hii tumekuja likizo na watoto, na safari hii tumeongozana na mdogo wangu wa kiume anayeishi Ujerumani. Huko amejifunza mchezo wa kaiti, ule wa kusimama juu ya ubao na kuvutwa baharini na kitambaa kikubwa kilichojazwa upepo. Paje si mbali na hapa, na wakati wa kusi anga yake hujaa kaiti za kila rangi. Kwa hiyo alikuja na vifaa kamili: kaiti, ubao, fito ya kushikia na kamba zake. Mama, vifaa hivyo si vyake. Aliazima kwa rafiki yake wa huko, na ukitaka kununua vipya utatoa mamilioni.

Jioni moja, mwezi ukiwa mpevu, upepo ulizidi ghafla na maji yalikuwa yameanza kupwa. Kamba moja ikakatika, kaiti ikaanza kumburuta ovyo. Akavuta kifungo cha usalama akaiachia iende, na ubao nao ukampotea kwenye mawimbi. Mzee mmoja aliyekuwa akirudi na ngalawa alimwona, akampandisha, akamshusha Paje mzima wa afya. Alhamdulillahi.

Kesho yake tuliingia kutafuta. Tuliimaliza Paje yote, kisha tukaelekea kusini mpaka Jambiani, kwa sababu kijana mmoja wa ufukweni alisema vitu vingi hunasa kwenye mafungu ya mchanga ya huko. Hatukuona hata kipande cha kamba. Mdogo wangu akataka imamu atangaze msikitini siku ya Ijumaa. Mume wangu akakataa bila kueleza.

Sasa juzi nimepigiwa simu na kijana anayesema ni wa Michamvi. Namba yangu ameipata kwa watu wa Paje niliowaachia. Anasema kaiti wanayo wao, waliikuta nje ya mwamba usiku ule ule, walichoma mafuta, basi tulete laki sita tuichukue. Ubao hakuuona. Mdogo wangu amewaka. Anasema huo ni wizi, mtu hawezi kuuziwa mali yake mwenyewe, na anataka aende polisi akamtaje kijana huyo kuwa ni mwizi. Mume wangu ananyamaza, lakini namfahamu, hataki ndugu zake wasikie kuwa shemeji yake amewapeleka polisi vijana wa vijiji jirani. Mama mkwe, ambaye analima mwani hapa Bwejuu, amesema tu kwamba cha bahari kimerudi baharini, tumshukuru Mungu kijana yuko hai.

Mdogo wangu anaondoka wiki ijayo, kabla mwezi haujaandama. Naomba unisaidie. Laki sita tulipe? Polisi twende? Na huo ubao, kuna haja ya kuendelea kuutafuta, na wapi?

Dada Mtu, Bwejuu

Jibu

Marahaba mwanangu. Poleni sana, na nakuunga mkono katika hiyo Alhamdulillahi yako. Kwenye bahari ya kusi, jioni, maji yakitoka, mtu kurudi mzima si jambo dogo.

Katika barua yako kuna maneno mawili uliyoyapita haraka, nami nimesimama hapo: "walichoma mafuta." Kijana amekwambia waliikuta kaiti nje ya mwamba usiku ule ule. Jiulize, vijana wa Michamvi walifuata nini nje ya mwamba usiku, kusi ikivuma, hata wakakutana na kaiti? Yawezekana walikuwa kwenye uvuvi wao. Lakini yawezekana pia waliiona kaiti inaelea, hawakumwona mwenyewe, wakadhani kuna mtu anazama. Anayeiona kaiti peke yake juu ya maji hawezi kujua kwamba mchezaji ameshashushwa Paje na ngalawa, amebadilisha nguo na anakunywa chai. Atawaza maiti. Na mtu wa pwani akiwaza hivyo hatafuti ruhusa ya kutoka, anajaza tangi na anakwenda.

Sijui kama ndivyo ilivyokuwa. Wewe ndiye utakayejua, kwa kuuliza. Mpigie kijana leo, kabla ya neno lolote la pesa, umuulize: "Mdogo wangu, usiku ule mlitoka kutafuta nini?" Akikwambia walikwenda kumtafuta mtu, mazungumzo yenu yote yabadilike kuanzia hapo. Nyinyi mmekuwa mkitafuta kaiti, na wao walikuwa wakimtafuta mdogo wako.

Ndiyo maana nasema, na msisitizo wangu ni kwa kila mwenye kucheza na bahari: ukiviachia vifaa vyako, kazi ya kwanza ukifika nchi kavu ni kutoa habari kwamba uko salama. Mwambie mwenye kituo cha kaiti, bwana diko (msimamizi wa pale wavuvi wanaposhukia) na sheha (kiongozi wa serikali kijijini), na kama kuna simu ya KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo, karibu nawe, waambie na wao, kwa kuwa ndio wanaoitwa mtu akipotea baharini. Eleza rangi ya kaiti na ilikoelekea. Vitu baadaye. Habari hiyo ingefika Bwejuu na Michamvi jioni ile, huenda boti isingetoka.

Katika simu hiyo hiyo mwambie jambo jingine, ulitangulize hata kabla ya salamu kwisha: asijaribu kuirusha kaiti hiyo, wala asiwaachie watoto waichezee. Upepo wa kusi huweza kumnyanyua mtu mzima na kumbamiza kwenye mnazi au ukuta, na zile kamba nyembamba zikivutika hukata mkono. Kama kamba zimesokotana aziache hivyo hivyo, asizikate. Aisuuze kwa maji baridi ya kisima, yasiyo ya chumvi, kisha aitandaze kivulini, asiikunje mbichi. Akisikia kwamba unamhofia yeye kabla ya kitambaa, mtazungumza vizuri zaidi.

Sasa hiyo laki sita. Mdogo wako ana haki yake. Kaiti haijawa mali ya Michamvi kwa kuwa imeokotwa na watu wa Michamvi, na si halali mtu kuuziwa kilicho chake. Kijana naye hajaiba. Hakuingia chumbani kwenu. Aliokota kitu kinachopotelea bahari kuu, ambacho bila yeye mngekuwa hamnacho mpaka leo, na isitoshe amepiga simu mwenyewe. Mwizi hakutafuti kukwambia anacho. Kumtaja polisi kwa jina la wizi ni kumdhulumu, na ni dhuluma itakayobaki kwa mumeo na watoto wako, kwa sababu mdogo wako ana ndege wiki ijayo ilhali nyinyi mtarudi Bwejuu kila Julai.

Wakwe zako wanaijua vizuri hukumu ya kitu cha kuokota. Katika Uislamu mwenye kuokota hushika amana. Anatakiwa akitangaze, mwaka mzima kwa kitu chenye thamani, na mwenyewe akija akakieleza kwa alama zake, apewe. Hukumu hiyo inawabana vijana, na anayefaa kuwakumbusha ni mtu mzima wa kwao, kwa upole, faragha. Mdogo wako akiwasomea hukumu hiyo kwa hasira atawafunga masikio. Inawapa nyinyi njia pia: alama. Mdogo wako aandike kila kinachoitambulisha kaiti bila kuitazama picha yoyote: namba iliyochapwa, kiraka, mshono uliorudiwa, mkwaruzo kwenye fito, kamba ipi ilikatika na ilikatikia wapi. Kijana alinganishe. Kwa njia hiyo hamumpi pesa mtu asiye na kitu, na yeye hampi kaiti mtu asiye mwenyewe. Hela ya simu usitume hata shilingi kabla ya kuiona kaiti kwa macho.

Kisha mwende wenyewe. Michamvi kutoka hapo mlipo si safari. Usiende na mdogo wako peke yake. Awepo mumeo, na kama afya inaruhusu awepo baba mkwe au mzee mwingine wa ukoo. Piteni kwanza kwa sheha wa Michamvi mumweleze shida yenu, yeye atamwita bwana diko na huyo kijana. Vaeni kwa heshima ya kijiji, msitoke ufukweni na kaptura za kuogelea. Salimianeni kwa kirefu. Mdogo wako awe wa kwanza kusema, na neno lake la kwanza liwe asante kwa usiku ule. Usimwekee maneno mdomoni, lakini mwambie wazi kwamba mimi ningekuwa yule kijana, bila kusikia shukrani kutoka kwake mwenyewe nisingempa kitu.

Hapo ndipo mtahesabu. Waulizeni mafuta lita ngapi, boti ya nani, walikuwa watu wangapi, na kama waliacha kuvua usiku ule. Gharama hiyo ilipeni yote, tena ningeshauri mlipe hata kama wasingeleta kaiti, ikiwa kweli walitoka kumtafuta mtu. Juu yake wekeni zawadi ya kuwaridhisha, kwa moyo wenu. Inaweza kutoka laki mbili, tatu, au mkaikaribia ile ile sita. Sitakutajia kiasi, kwa sababu sijaiona boti wala sijui walizunguka hadi saa ngapi. Tofauti iliyopo ni kubwa: mnalipa jasho na mafuta, hamnunui kaiti. Sheha aandike karatasi, wote watie sahihi. Kijana akikataa kila kitu mbele ya sheha na wazee, akang'ang'ania bei yake, basi atakuwa amejitoa mwenyewe kwenye amana, na polisi watakuwa na mahali pa kuanzia.

Polisi nendeni hata hivyo, lakini kwa jambo jingine. Kuripoti kwamba vifaa vimepotea baharini siku fulani, mahali fulani, si kumshitaki mtu. Taarifa hiyo mdogo wako ataihitaji kumweleza rafiki yake, na kama vifaa vina bima wataiulizia. Iandikwe "vimepotea", kama ilivyotokea.

Kuhusu msikiti, mumeo amefanya vyema, ila angewaeleza. Kunadi kilichopotea ndani ya msikiti kumekatazwa na Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie. Nje, watu wakishatoka, kwenye baraza na mlangoni pa duka, ulizeni mnavyotaka.

Tuje kwenye ubao, ambao mmeukatia tamaa mapema. Mlitafuta upande usio wake. Julai upepo unatoka kusini na kusini-mashariki, na mkondo mkubwa wa pwani yetu unakwenda kaskazini. Kilichopotea Paje wakati wa kusi hakirudi Jambiani. Kinapanda Bwejuu, Dongwe, Michamvi. Mngekuja Januari, kaskazi ikivuma, ningewaambia shukeni Jambiani na Makunduchi. Yule kijana wa ufukweni sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Huenda anasema alichokiona msimu ule mwingine.

Kaiti na ubao havisafiri pamoja. Kaiti iliyojaa upepo inashikwa na upepo kama tanga na inakwenda mbio, ndiyo maana ilikwisha kufika nje ya Michamvi usiku ule ule. Ubao unalala chini kwenye maji, hauna cha kushikwa na upepo, unafuata maji yenyewe. Na maji ya jioni ile yalikuwa ya bamvua, yaani maji makubwa yajayo na mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Kwenye bamvua bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yakianza kupwa maji yote yaliyoko ndani ya mwamba hukimbilia kutokea milangoni, kwenye mapengo ya mwamba. Ubao wenu ama ulitolewa nje kwa mlango, ama ulirushwa na mawimbi ukakaa juu ya mwamba. Ikiwa ulibaki mwambani, maji ya alfajiri yaliyojaa yaliunyanyua na kuusogeza ndani, upande wa kaskazini na nchi kavu.

Zingatia hili hapa. Kitu kinachotupwa ufukweni na maji makubwa ya bamvua hukaa juu kabisa, pale kwenye mstari wa majani makavu ya bahari, pengine ndani ya vichaka na mikadi. Siku zinazofuata maji hayafiki tena hapo, kwa kuwa yanapungua kuelekea maji mafu, yale yanayopanda na kushuka kidogo. Kama ubao ulitupwa siku zile, upo pale pale umelala, mpaka bamvua la mwezi mwandamo lije liuchukue tena. Kwa hiyo siku hizi zilizobaki kabla ya mwezi kuandama ndizo zenu. Msitafute majini. Tembeeni juu, kwenye mstari ule mkavu, kuanzia hapo Bwejuu kwenda Dongwe hadi Pingwe, mkifunua majani. Watoto watalifurahia zoezi hilo kuliko watu wazima.

Mkipita kwenye hoteli msitazame ufukweni tu. Hoteli nyingi huajiri watu wa kufagia majani ya bahari kila asubuhi, wageni wakiwa bado wamelala, na wanachokikuta huingizwa stoo. Ongeeni na hao wafagiaji na walinzi wa usiku, msiishie mapokezi. Kama ubao ulitoka nje ya mwamba na kuipita ncha ya Michamvi, unaweza kuwa umeingia Ghuba ya Chwaka, ambako mikoko hushika kila kinachoelea. Tumeni salamu kwa wavuvi wa Chwaka na Uroa, bila ya kwenda wenyewe kuhangaika kwenye tope.

Halafu mama mkwe wako. Ulimweka mwishoni mwa maelezo yako, na kwangu ndiye wa kwanza. Mwani wa biashara ulianza kulimwa Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu hapo wanawake wa pwani hiyo wamekuwa wakiingia na kutoka kwenye eneo lile kila bamvua, hatua kwa hatua, kigingi kwa kigingi. Hakuna mtu wa hoteli wala wa kaiti anayeijua ardhi ya chini ya maji yale kuwafikia wao. Bamvua likirudi, mdogo wako akiwa ameshaondoka, wao watakuwa humo asubuhi maji yakiwa yamekupwa. Mwoneshe mama picha ya ubao, umwombe awaambie wenzake.

Lakini usiombe kabla hujauliza. Kaiti iliyokuwa ikiburuta kamba ndefu, pamoja na ubao, huenda vilipita juu ya mashamba ya watu. Muulize mama kama kuna mtu yeyote ambaye kamba zake za mwani zilikatika au vigingi viling'oka siku ile. Akiwepo, mdogo wako akamwone, amlipe kamba na mwani uliopotea. Wanawake hao wamekuwa wakilalamikia wachezaji wa kaiti kwa miaka, na mara nyingi hakuna anayerudi kuwauliza. Ile kauli yake ya kwamba cha bahari kimerudi baharini, mimi naisikia kama ya mtu aliyezoea kutorudishiwa.

Yule mzee wa ngalawa hukuandika kama mlimrudia. Kama hamjafanya hivyo, nendeni leo kabla hata ya Michamvi. Mpelekeeni alichokosa kwa kukatisha safari yake, na mdogo wako akae naye kidogo.

Ikiwa siku zitakwisha bila ubao kuonekana, mdogo wako asimwendee rafiki yake na hadithi ya wizi wa Zanzibar. Ubao ulichukuliwa na bahari, amlipe au amnunulie mwingine, hilo ni deni lake yeye. Mkiupata baada ya yeye kuondoka, upelekeni Dar es Salaam kwa boti mkirudi, msubiri msafiri.

Na mkishaipata kaiti, kabla haijaingia begini andikeni jina na namba ya simu karibu na sehemu ya kujazia upepo, kwa wino usiotoka majini, na kwenye kila ubao vilevile. Andikeni kwa Kiswahili: "Ukinikuta, piga namba hii uulize kama mwenyewe yuko salama." Na namba hiyo iwe yako wewe, maana ya Ujerumani kijana wa Michamvi hataipigia.